Jina Lililoitwa Kwenye Santuri

Usiku ule nililala na vumbi la santuri likiwa bado kwenye kucha. Tangu Bibi alipoangushwa na kiharusi, kutwa nilikuwa nashinda kwenye kiduka cha Mzee Tindo, nyuma ya stendi ya zamani, nikipekua santuri za bendi za jazi. Nilikuwa natafuta moja tu, ile ambamo Babu Kondo alipuliza saksafoni. Babu alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Bibi, kwa ulimi wake uliokuwa mzito, aliniomba jambo moja: amsikie mumewe kabla hajafa. Nami ni mbishi, nikikosa leo narudi kesho.

Basi nikaota niko mle mle dukani. Mzee Tindo hayupo. Nyuma ya meza amekaa Babu na suti yake ya kijivu, anaifuta santuri kwa pindo la koti, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Nikafurahi, hata sikukumbuka kwamba ni marehemu. Nikamwamkia, akaniitikia, "Marahaba, mke wangu," vile vile alivyokuwa akinitania zamani. Nikamwomba anipe ile santuri. Hakunipa. Akaiweka kwenye gramafoni, akashusha sindano.

Bendi za enzi zile zilikuwa na desturi yao. Wimbo ukishakolea, mwimbaji huwaita wapigaji kwa majina, na anayeitwa ndipo huonyesha ufundi wake. Nikasikia anaitwa mpiga tumba. Mlango ukafunguka, mpiga tumba akaingia, akasimama ukutani. Akaitwa mpiga gitaa, naye huyo. Nawajua kwa ile picha ya bendi ya Babu iliyo sebuleni kwetu, na wote tulishawazika. Sasa duka limekuwa sebule yetu, sijui tangu saa ngapi, na picha iko ukutani lakini haina mtu. Baridi inanipanda miguuni. Likaitwa jina la Kondo. Babu akatikisa kichwa tu, hakupuliza.

Kisha sauti ile ikaita, "Mwanaidi."

Hilo ni jina la Bibi, na Bibi hajawahi kupiga chombo chochote maishani mwake. Wote wakageuka kuutazama mlango. Nikauegemea kwa mgongo, nikausukuma kwa nguvu zangu zote, nao unasukumwa kutoka nje, polepole, bila haraka yoyote. Niliogopa sana. Nikamlilia Babu ainue sindano. Hakuinua.

"Usiende dukani tena, mke wangu," akasema. "Nimekuja mwenyewe. Kakae naye."

Nikaamka adhana ya alfajiri ikiita, nikakimbilia chumbani kwa Bibi. Alikuwa macho, ananitazama. Akaniuliza kwa shida kama nimeipata. Nilitamani nimdanganye, nikashindwa. Nikamwambia sikuipata, na kwamba dukani sirudi tena. Nikapanda kitandani, nikamshika mkono, nikaanza kuwaita wale wapigaji kama nilivyosikia wakiitwa, mpiga tumba kwanza, kisha mpiga gitaa. Kidole chake kikawa kinapiga mdundo kwenye kiganja changu. Nikamwita Kondo, nikaishia hapo.

Bibi akanibana mkono.

"Endelea, mke mwenzangu," akasema. "Bado mmoja."