Tafsiri ya Mkwe

Hospitali yetu ina utaratibu mmoja tu wa kupata mkalimani. Yeyote aliyesimama karibu na kitanda, mwenye Kiswahili kizuri kuliko wenzake, anapewa kazi. Hatuulizi ana uhusiano gani na mgonjwa. Siku moja tulimtumia jirani, akatafsiri kwa madaha kabisa, na jioni ndipo tukajua kwamba yeye na mgonjwa wana kesi ya mpaka wa kibanja cha migomba.

Mimi ni muuguzi, inchaji, yaani msimamizi, wa wodi ya wanawake. Wauguzi wengi hapa tumezaliwa Karagwe au Kyerwa, na Kinyambo tumekinyonya pamoja na maziwa. Lakini tukishavaa sare tunakisahau. Wodini ni Kiswahili, na daktari akipita kwenye raundi tunachomeka Kiingereza kidogo, hata cha kuombea mkasi. Nasema "tunakisahau" kwa sababu nami nimo, na ni vizuri mjue hivyo mapema kabla hamjaanza kunisifu.

Mama mmoja wa Mabira, mwenye miaka sitini na kitu, aliletwa na mume wa binti yake. Binti mwenyewe alikuwa na mtoto wa wiki mbili, hakuweza kusafiri. Mkwe huyo ana pikipiki yake nzuri, lakini hakumpakia. Kwa msomaji wa mbali nieleze: kwetu mama mkwe hampi mkono mume wa binti yake, hali naye meza moja, na wakikutana njiani hujifunika uso kwa kanga. Kumshika kiuno juu ya pikipiki ni jambo ambalo hata kulisema ni kazi. Kwa hiyo kijana alikodi bodaboda nyingine imbebe mama, naye akafuata nyuma njia nzima, kama msindikizaji wa kiongozi.

Wodini mama alilala akitazama ukuta. Mkwe alisimama mwisho wa kitanda akitazama dirisha. Daktari wetu, kijana mzuri aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, aliona familia tulivu yenye nidhamu. Mkwe hununua kahawa Omurushaka, Kiswahili chake kimenyooka. Daktari alimpongeza, akaanza.

"Muulize kama anatokwa na damu ukeni."

Mkwe aliiangalia chupa ya dripu kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mama, kwa Kinyambo cha heshima zote, kwamba daktari anauliza kama mwili una nguvu. Mama akajibu ukutani kwamba nguvu zinapungua.

"Anasema hapana," mkwe akatafsiri. "Ila anachoka."

Daktari akaandika "hakuna" kwenye faili, na tangu dakika ile likawa neno la kitaalamu. Nyuma yake tulikuwa wauguzi watatu, wote Wanyambo. Tulisikia swali likiingia kwa mkwe likiwa moja na kutoka likiwa jingine. Mmoja alikohoa. Mwingine alinyoosha shuka lililokuwa limenyooka. Mimi, inchaji, mwalimu wa mafunzo kazini, niliuma mdomo ili nisicheke.

Damu ya mama ilipimwa ikaonekana iko chini. Aliandikiwa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo, akashauriwa ale mboga za majani. Kesho yake asubuhi daktari alisaini aruhusiwe. Nilipokuwa nikimfungia dawa niliona amekaa upande, kama mtu aliyekalia jiwe, na chini yake amekunja kitenge mara nne. Hamu ya kucheka ikaniisha. Nilimtuma mkwe akatafute chai ya maziwa kwenye mgahawa wa mbali zaidi ninaoujua, nikavuta pazia, nikakaa kitandani, nikamuuliza mama kwa Kinyambo.

Hakushangaa swali. Alishangaa muda tuliotumia kulifikia.

"Miezi mitano, mwanangu," alisema. "Ulitaka nimwambie mkwe wangu?"

Nikamuuliza angefanyaje kama nisingekuja. Akasema angerudi nyumbani na damu yake, kwani alikuja nayo. Alisema hivyo bila kumlaumu mtu, na mimi ningependa anilaumu.

Daktari nilimkuta akinywa chai. Nilimweleza kwamba mama aliyekoma hedhi zamani anatokwa na damu miezi mitano, na tunamrudisha kwenye migomba na dawa ya minyoo.

"Sista, nilimuuliza. Ipo kwenye faili."

"Uliuliza, daktari. Aliyejibu ni mkwe, na yeye hana hedhi."

"Nimeshamruhusu."

"Basi mrudishe wodini. Kalamu unayo."

Aliweka kikombe chini, akasimama. Siku hiyohiyo mlango wa kizazi ulichunguzwa, pakaonekana kidonda kisichopendeza, na mama akaandikiwa rufaa kwenda Mwanza. Mkwe aliambiwa tu kwamba ni ugonjwa wa wanawake. Akashukuru sana kwamba hakuelezwa zaidi.

Sasa mafunzo. Alhamisi asubuhi huwa nafundisha watumishi, na wanakuja kwa wingi kwa sababu kuna maandazi. Safari hii sikuandika kitu ubaoni. Nilimwomba daktari awe mgonjwa mwenye bawasiri asiyejua Kiswahili, na mkalimani wake awe matroni, mama mwenye umri wa mama yake, ambaye daktari humwamkia shikamoo kila asubuhi. Nikamwambia daktari amweleze matroni tatizo lake, taratibu, asiache kitu.

Daktari alimtazama matroni. Matroni alimtazama daktari.

"Naumwa kichwa," daktari alisema.

Ukumbi uliangua kicheko. Nilisubiri kiishe, nikawaambia kwamba hapo tumepata mgonjwa aliyesoma chuo kikuu, na bado bawasiri yake imepanda mpaka kichwani. Kisha nikaeleza polepole: muulize kwanza mgonjwa nani asimame hapa, ukijua lugha yake, itumie, sare haitachanika. Waliandika. Waliotaka kuuliza waliuliza vizuri, na niliondoka nikiwapenda.

Uongozi nao ulisikia kuhusu mafunzo hayo na ukaamua kuyaunga mkono. Baada ya wiki moja tangazo lilibandikwa getini: WAKWE HAWARUHUSIWI WODINI. Mlinzi alilitekeleza kwa moyo wote. Kila mwanaume mwenye hotipoti aliulizwa kama ni mkwe, na wenye akili walijibu kwamba ni mashemeji, wakapita.

Mama wa Mabira alirudi kwetu baada ya kufanyiwa upasuaji Mwanza, kuangaliwa kidonda. Walikuwa wameuwahi ugonjwa, japo kwa kuponea chupuchupu. Mkwe, kwa kuwa ni mtu mkweli, alizuiwa getini. Nilimkuta mama akimweleza mlinzi, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba huyu ndiye aliyemtafutia gari na damu, aingie, akae barazani. Nilibandua lile tangazo kwa kucha zangu. Mlinzi akaniuliza sasa azuie nani.

Daktari alikuwa amejifunza Kinyambo, maneno kama ishirini hivi, na alikuwa na haraka ya kuyatumia. Hakutaka mkalimani. Aliinama kwa mama, akamuuliza mwenyewe kama damu bado inatoka, kwa lafudhi ya ajabu na kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Wodi nzima ilisikia. Barazani pia walisikia. Kupitia dirishani nilimwona mkwe akisimama, akiweka hotipoti chini, na kuondoka kwa hatua ndefu kuelekea kwenye mikahawa.

Mama alivuta kanga usoni mpaka mkwe alipopotea. Kisha akaifunua, akamtazama daktari.

"Hakuna," alisema.

Daktari akaandika "hakuna". Alhamisi iliyofuata nilifundisha kuhusu sauti.