Raketi ya Kuchezea na Mkwe

Barua yangu ya posa ilikuwa imeingia wiki ya nne bila jibu. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, aliipeleka mwenyewe Chamazi, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akapokelewa vizuri, akalishwa wali kwa samaki, akaambiwa, "Tumepokea, tutawajibu." Kazini kwangu Kibamba, nilikokuwa karani wa stoo ya dawa, wiki ya kwanza wenzangu waliniita bwana harusi. Kufikia wiki ya nne walikuwa wamerudi kuniita kwa jina langu, tena kwa sauti ya chini, kama watu walio msibani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huo mshindo niliusubiri kila simu ilipolia.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba mtu mwenye jibu nilikuwa nikionana naye kila Jumamosi, tunacheza vinyoya, ule mchezo wa raketi na wavu.

Baba wa mchumba wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Lindi, mwembamba, mwenye maneno machache. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, nami nikamwita hivyo hivyo, maana kumwita baba nilikuwa bado sijapewa ruhusa. Uani kwake alikuwa amefunga wavu kwenye nguzo mbili na kuchora mistari kwa majivu. Mjomba wangu, katika kunisifia, alimwambia kwamba nilicheza vinyoya chuoni. Siku mbili baadaye ikaja salamu: kijana aje Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Mchumba wangu alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake mpaka mambo yajulikane, kwa hiyo ndani ya nyumba ile sikuwa na mtu wa kuninong'oneza lolote.

Niliogopa sana kumshinda. Vinyoya, ukivicheza sawasawa, ni mchezo usio na adabu. Unakiwahi kinyoya kikiwa juu, unakichapa kiende kwenye miguu ya mwenzako, na akizubaa, kifuani. Nani anayeomba binti wa watu akamfanyie baba yake hivyo? Nikabuni mchezo wangu wa heshima. Kila kinyoya nilikiinua juu kabisa, taratibu, kimshukie mbele yake kama mtu anayemkabidhi mkubwa kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Na bado Mwalimu alikosa. Anatazama juu, raketi inapita hewani, kinyoya kinaanguka pembeni ya mguu wake. Jumamosi ya kwanza nilishinda bila kutaka. Ya pili nikaanza kupiga kwenye wavu makusudi, akaniona, akabana midomo. Ya tatu nikainua juu zaidi ili apate muda zaidi, akakosa zaidi.

Jumamosi ya nne raketi yangu ya kuazima ikapasuka kichwani. Mwalimu akaiokota, akaitazama, akanirudishia.

"Wiki ijayo njoo na yako," alisema. "Mtu mzima hachezi kwa raketi ya kuazima. Nitaangalia umechagua ipi."

Sentensi hiyo ya mwisho ilininyima usingizi wiki nzima. Niliichukua kama mtihani, na yule bwana alikuwa ametunga mitihani maisha yake yote.

Katikati ya wiki nilikwenda Mbagala, kwa dada mmoja aliyekuwa akiuza mitumba ya michezo: viatu vya mpira, glavu, na raketi zilizoning'inizwa darini. Nikamwambia nataka raketi nzuri ya vinyoya.

"Nzuri kwa nani?" akauliza. "Unachezaje?"

"Nacheza na mkwe. Mkwe mtarajiwa."

"Braza, sijakuuliza unacheza na nani. Nimekuuliza unachezaje."

Akashusha tatu, akazipanga juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nzito kichwani. Hiyo, alisema, ni ya mtu wa kuchapa kutoka nyuma, uzito wa kichwa unamsaidia. Ya pili ilikuwa nyepesi kichwani na fimbo yake ya kati ngumu, ya mtu mwenye mkono wa haraka, anayesimama mbele na kupiga kinyoya bapa, usawa wa wavu. Ya tatu fimbo yake ilipinda kidogo ukiivuta. Ni ya anayepiga polepole, yenyewe inamwongezea nguvu.

Nikazishika zote na zote zikaniogopesha. Nikienda na nzito, Mwalimu ataona nimekuja kumpiga. Nikienda na ile laini, ataona hana mwanamume wa kumpa binti. Nikamwuliza dada kama hakuna moja isiyosema chochote.

"Ishu yako si raketi wewe," alisema. Akatoka nje ya kibanda, akachukua kinyoya cha plastiki na kunirushia bila taarifa. Nikakirudisha. Akarusha kingine, haraka zaidi, usawa wa mbavu, na vingine vitatu mfululizo, na mkono wangu ukavirudisha vyote kabla kichwa hakijaamua. Watu wa vibanda vya jirani wakaanza kushangilia.

"Si unajua!" akasema. "Wewe mtu wa bapa. Chukua hii nyepesi, ngumu. Na kwa huyo mzee wako cheza bwana, heshima si utumwa."

Nikainunua. Nikiwa njiani nikaijutia, nikairidhia, nikaijutia tena.

Jumamosi Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Akailaza shingo ya raketi juu ya kidole kimoja aone inaelemea wapi. Akaipinda fimbo, ikakataa. Akagusa nyuzi kwa ukucha.

"Hii ni ya mtu mwenye haraka," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. Sikujua kama nimefaulu au nimefeli. Akaenda kusimama upande wake wa siku zote, nami nikaenda upande wa ukuta, penye kivuli, nilipoonyeshwa siku ya kwanza.

Nikacheza mchezo wangu ule ule wa chai. Raketi ile haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ukipiga nayo polepole haina nguvu ya kupeleka mbali, kwa hiyo vinyoya vyangu vilipanda wima, vikaning'inia juu ya kichwa chake. Mwalimu alitazama juu, akakosa. Akatazama juu tena, akakosa. Cha sita kilimwangukia usoni. Akaweka raketi chini, akaingia ndani.

Nilibaki nimesimama na raketi yangu mpya kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Mkewe akatoka na jagi la juisi ya ukwaju, akaliweka kwenye stuli, lakini hakunimiminia.

"Mwanangu," akasema, "mwenzangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, mama. Kwa nini?"

"Mwaka jana alitolewa mtoto wa jicho. Mwanga wa juu unamchoma. Na wewe kila wiki unamtupia kule kule juani. Ukiondoka analala na kitambaa cha maji machoni mpaka magharibi."

Nikageuka kutazama uwanja. Kwa mara ya kwanza, baada ya Jumamosi tano, niliona jambo ambalo mtoto wa chekechea angeliona. Upande wake ulitazama magharibi. Jua la alasiri lilikuwa limekaa juu ya ukuta, hasa hasa pale nilipokuwa nikiinulia vinyoya vyangu vya heshima.

"Mama, kwa nini hakubadili upande?"

"Mgeni hawekwi juani."

"Basi angeniambia."

"Amwambie mgeni hajui kucheza na watu?" Akashusha sauti. "Mie nilimwambia labda hujui. Yeye anasema huyu kijana mpole wa maneno, ila mkono wake una kisirani. Anasema, binti yangu nitampaje mtu wa namna hiyo? Barua yenu iko mezani, na jibu ameshaliandika. Amebakiza kulituma."

Sikumuuliza jibu gani. Niliona aibu, na nyuma ya aibu nikaona hasira, kwamba watu wawili wazima tumeumizana wiki tano kwa sababu kila mmoja alikuwa akimstahi mwenzake. Nilitaka kukimbilia ndani nimwombe msamaha, lakini msamaha ungemlazimisha akiri kwamba jua lilimshinda, na hilo kwa Mwalimu lingekuwa kosa la pili.

Alipotoka uso ukiwa umelowa, nilikuwa tayari nimesimama upande wake.

"Rudi kwako," akasema.

"Mwalimu, naomba leo nicheze huku."

"Mgeni hakai juani."

Sijui ujasiri niliutoa wapi. "Mwalimu, mie hapa sikuja kuwa mgeni."

Mkewe akaacha kumimina juisi. Nikaanza kufikiria safari yote ya kurudi Kibamba na jinsi nitakavyomweleza mjomba. Mwalimu akaokota raketi yake, akashika kiuno, akainama, akapita chini ya wavu kwenda kivulini.

Akaanzisha. Akakiinua juu, juu kabisa. Nikatazama na sikuona kitu isipokuwa weupe, na kinyoya kikanigonga paji la uso.

"Moja bila," akasema.

Cha pili sikukisubiri kiende juani. Nilisogea mbele, nikakiwahi kikiwa bado kinapanda, na mkono ukafanya ulichojua kufanya. Raketi ikatoa mlio mkavu ambao nilikuwa sijawahi kuusikia kwake. Kinyoya kikaenda bapa juu ya wavu na kumpiga Mwalimu katikati ya kifua.

Nilidondosha raketi. Yeye alikiokota kinyoya, akanyoosha nyoya lililopinda, akauliza bila kuinua macho, "Kumbe unacheza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wiki tano ulikuwa unanificha nini?"

"Nilikuwa naogopa kukushinda, Mwalimu."

Akamgeukia mkewe. "Ile karatasi ya jibu iliyo juu ya meza ichane," akasema. "Halafu umpigie mshenga wao. Aje kesho mchana, na aje na njaa." Kisha akanionyesha kwa kidole mahali nilipokuwa, kwenye jua, nisisogee, akaanzisha tena.