Nilivyoigeuza riwaya ya Mla Shikamoo kuwa mchezo wa nyimbo bila kujua inaishaje

Wakuu, wakubwa humu shikamooni, wadogo zangu kaeni chini. Hiyo salamu nimeiandika kwa woga, mbele mtaelewa.

Hii siyo chai, sijatunga. Mashahidi ni wazazi ukumbi mzima.

Niko Form Three, shule ya kutwa huku upande wa Meru. Jina la shule nalihifadhi, bado nataka kufika Form Four.

Dada Upendo, mtoto wa mama mkubwa, anasoma chuo pale Makumira. Yeye ndiye aliniazima riwaya inaitwa Mla Shikamoo. Jalada lina fuvu limevaa kofia ya babu. Nikajua tu humu kuna mambo.

Ndani kuna kiumbe anaitwa Babu Ukungu. Anakaa kwenye chemchemi juu mlimani, pale mashamba ya kahawa yanapoishia na msitu kuanza. Hana kucha wala mapembe. Silaha yake ni uzee wake tu. Mtoto akipita akaona mzee kakaa, atafanyaje? Si atamwamkia. Anasema shikamoo, babu anaitikia "Marahaba", basi imeisha hiyo. Miaka ya mtoto imehamia kwa babu. Mtoto anarudi nyumbani ana mvi.

Mimi hadithi za majini na mizimu huwa nazisoma nikila mihogo. Hii ilinipata pabaya. Jini unaweza kulikimbia, lakini adabu umeshalishwa toka una miaka miwili, inakutoka mdomoni kabla akili haijafika. Wiki ile nilikuwa nampita bibi yangu kwa mbali, nampungia mkono. Akamwambia mama nimeanza kuvuta bangi.

Shujaa ni binti anaitwa Nanyori. Mdogo wake ana miaka sita, kashaamkia, kazeeka, anakwisha taratibu kitandani. Nanyori anapanda mlima kuidai miaka yake. Sharti ni moja: akifika pale asimwamkie babu.

Nikawa nimebakiza sura mbili. Nanyori kasimama mbele ya Babu Ukungu, mimi niko kipindi cha Physics, kitabu kimelala mapajani.

Kivuli kikatua juu ya ukurasa.

Mwalimu wetu wa Physics tunamwita Volti. Kipara, sauti nzito, anakaribia kustaafu. Akakichukua, akaangalia fuvu, akaniangalia na mimi kama analinganisha.

"Hii ni sura ya ngapi ya mkondo wa umeme?"

"Ya kumi na nane, mwalimu."

Darasa likacheka. Mimi nikaenda ofisini.

Sasa Volti ndiye mlezi wa klabu ya maigizo. Siku ya wazazi ilibaki mwezi mmoja na klabu haina hata mstari. Akanipa masharti: ligeuze dude hili kuwa mchezo wa nyimbo. Ukipendeza, unarudishiwa kitabu. Ukiboronga, anaitwa mama yako aje akichukue yeye.

Wakuu, mama yangu ni mzee wa kanisa. Akiliona lile fuvu, kitabu kinaingia jikoni pamoja na kuni. Dada Upendo atanichinja, na mimi nitaoa, nitazaa, nitakufa bila kujua Nanyori aliishia wapi.

"Mwalimu, lakini mwisho wake sijausoma."

"Utabuni. Mtihani wangu si huwa unabuni?"

Nikaandika. Skripti ikaenda kwa Madam mkuu wa shule, ikarudi nyekundu kama ndiyo imechinjwa yenyewe. Hakuna damu, hakuna kifo, hakuna kutisha, watakuwepo mchungaji, shehe na watoto wa chekechea.

Kwa hiyo ona nilichofanya. Kitabuni chemchemi inatoa maji meusi yanayonong'ona majina ya watu. Stejini tukaweka kanga ya bluu, Form One wawili wanaitikisa. Kitabuni watoto wenye mvi wanakaa kimya vibarazani. Stejini tuliwabandika pamba kichwani wakacheza na mikongojo. Na Babu Ukungu, ambaye kwenye kitabu chote anatamka neno moja tu, mimi nikampa wimbo wa kujisifu wa beti nne.

Niliona aibu. Ni kama kumpeleka chui saluni akapakwe rangi ya kucha.

Ila kiitikio nilijipatia. "Usimwamkie, usimwamkie, huyo si babu yako." Baada ya siku tatu hadi wapishi walikuwa wanasonga ugali kwa mdundo huo.

Mwisho nikabuni hivi: Nanyori anakaza, haamkii, babu anakonda kwa njaa, anaomba msamaha, wote tunacheza. Takataka, najua. Mngeandika nini na mmenyang'anywa kitabu?

Babu Ukungu akawa Hamza wa Ngarenaro, ana besi ya kutikisa madirisha. Nanyori akawa Elinipa, binti wa mwinjilisti kutoka Kikwe. Sauti kama asali, na adabu mpaka inakera. Elinipa anapiga goti akikuomba rula.

Siku yenyewe asubuhi Hamza akaja hana sauti. Jana yake alishangilia mpira mpaka koo likafa. Akifungua mdomo unatoka upepo tu.

Wazazi wameshajaa. Mama yangu mstari wa tatu, kilemba cha sherehe.

Volti akachukua lile blanketi la kijivu la Babu Ukungu, akajitanda. "Maneno nayajua. Mwezi mzima mnanipigia kelele."

Mimi niko nyuma ya pazia na ngoma shingoni. Mambo yanakwenda vizuri hadi naogopa. Pamba zimekaa, kanga inatiririka, watu wanaitikia. Ikafika ile sehemu. Elinipa anatakiwa asimame, amwangalie babu usoni, anyamaze.

Volti akageuka taratibu, akamtazama kama anavyotutazamaga asubuhi getini.

Elinipa akapiga goti.

"Shikamoo mwalimu."

Katoto ka chekechea kakaanza kulia, kameshaimbiwa mara nane kwamba ukiamkia umekwisha.

Na Volti akaitikia kama siku zote: "Marahaba, hujambo?"

"Sijambo."

Nilimwona mama akiinamisha kichwa. Moshi wa kitabu nikausikia kabisa puani.

Halafu kitu kikanigonga. Babu Ukungu haulizagi hujambo. Sura zote nilizosoma anasema marahaba, anachukua, kwisha habari yako. Huyu kauliza. Mzee akikuuliza hali maana yake na yeye katoa kitu, hakuchukua tu.

Nikatoka na ngoma yangu, kwenye mchezo sina hata nafasi, nikaimba kwa tuni ya kiitikio: "Kauliza hujambo, kauliza hujambo, sasa ni babu yetu." Kwaya wakadhani ni mpango mpya, wakadaka. Bibi mmoja mbele akapiga vigelegele. Volti akaliachia blanketi likadondoka, akaanza kucheza. Mwalimu wa Physics, wakuu, anakata kiuno mbele ya mchungaji na shehe.

Ukumbi wote ulisimama. Mama alikuwa wa kwanza.

Jumatatu nikarudishiwa kitabu. Nikakaa kwenye ngazi za ofisi, nikazimaliza zile sura mbili hapohapo.

Sasa namwaga mwisho, asiyetaka aruke.

Nanyori anamwamkia kwa makusudi. Anafanya biashara: chukua yangu yote, mrudishie mdogo wangu yake. Anazeeka palepale, babu anatoweka, na yeye anabaki kwenye kile kiti cha jiwe na laana yake. Miaka inapita. Kijana mmoja anakuja kuchota maji. Ni mdogo wake, hamjui. Anasema, "Shikamoo bibi."

Nanyori ananyamaza. Akiitikia tu, atamla.

Kijana anaondoka anasonya, bibi gani huyu hana adabu. Kitabu kimeisha.

Nilikaa pale kama nimepigwa shoti. Volti akatoka ofisini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Mwalimu ulishausoma huu mwisho?"

"Siku ileile niliyokunyang'anya. Madaftari yenu sikusahihisha."

"Sasa siku ile, kwa nini uliitikia?"

Akakuna kipara. "Nilitaka kunyamaza, kama yule bibi. Nikamwona mtoto yuko gotini, mama yake anamtazama. Nikashindwa kumwacha hivyo. Nenda darasani."

Nilichojifunza: nilidhani mchezo wetu ni kitabu kilichong'olewa meno. Lakini kitabuni Nanyori ananyamaza kwa sababu anampenda mtoto, na stejini Volti aliitikia kwa sababu hiyohiyo. Giza la kitabu linanifaa mimi nikiwa peke yangu. Mbele ya watu mia tatu, mtu wa kweli akiwa gotini, sidhani kama kuna mwandishi angethubutu kunyamaza.

Haya, uwanja wenu wakuu. Ingekuwa wewe ndani ya lile blanketi, ungeitikia au ungenyamaza?