Ripoti Tisa za Kisauti

Mimi ni fundi wa sare za shule. Mjukuu wangu Kisauti nimekaa naye tangu ana miaka mitatu, sasa ana tisa. Binti yangu alimleta na begi moja, akasema, "Mama, ni wiki mbili tu." Sikumsumbua kumuuliza zimefika ngapi.

Alipoachana na mumewe, kila mmoja alikwenda mahakamani kudai kwamba mtoto anaishi kwake. Yeyote angeshinda, Kisauti angefungasha lile begi. Mimi sikuitwa. Nikaifunika cherehani yangu, nikajipeleka.

Hakimu alikuwa mwanamke, wa umri wa kuwa binti yangu. Alitueleza polepole, maana sote tulikuwa tunamkodolea macho. Kuna ulezi wa kuamua: shule gani, dini gani, hospitali ipi. Kuna na ulezi wa kuishi na mtoto. Kila ulezi unaweza kupewa mtu mmoja peke yake, au watu wawili kwa pamoja. Asiyepewa kuishi naye hupangiwa siku za kumwona.

"Na wa kumchana nywele ni upi?" nikauliza.

"Huo ni wa kuishi naye, bibi."

"Basi huo ni wangu."

Mkwe wangu akacheka. "Mheshimiwa, mama mkwe wangu hata kusoma hajui. Mtoto yuko kwangu. Ripoti zake za shule hizi hapa."

Alikuwa amezichukua shuleni asubuhi ileile, na kwa haraka zake hakufungua bahasha. Hakimu akaifungua. Miaka mitatu ya shule, ripoti tisa. Kwenye kila moja, penye sahihi ya mzazi, kuna neno moja tu, herufi zimevuka mstari: BIBI. Alinifundisha Kisauti mwenyewe. Wakati ule sikujua kuandika jingine.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi. Mwalimu alitaka niweke dole gumba. Nikamwambia dole langu lina kazi kwenye cherehani."

Binti yangu akatazama sakafu. "Mheshimiwa, kwangu pia hakai. Nilidanganya."

"Angalau mmoja kasema," nikasema. Hakimu akaniambia ninyamaze.

Akatoa uamuzi. Kuishi, kwangu. Kuamua, baba na mama kwa pamoja. Kumwona, baba Jumamosi, mama Jumapili.

"Kwa hiyo napika mimi, wanaamua wao?"

"Ndiyo, bibi."

"Na nywele?"

"Nywele nimeshakujibu."

Karani akanisogezea kidau cha wino niweke dole. Nikamrudishia, nikaomba kalamu. Alisubiri. Herufi nne si mchezo.

Nyumbani Kisauti alikuwa amekaa mlangoni, begi liko mapajani. "Mke mwenzangu," akaniita kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "nimeambiwa niende wapi?"

Nikamwambia aende akalete kitana.