Kangaga lililosafiri ndani ya shiromani

Saa kumi na mbili asubuhi, Touhfat Aboudou anapiga pasi majani. Umeme umekatika tena hapa Moroni, kwa hiyo ametia makaa kwenye pasi ya chuma. Analaza jani moja jembamba juu ya gazeti kuukuu, analifunika kwa gazeti jingine, kisha anapitisha pasi taratibu, kama mama anayenyoosha kola ya mtoto wa shule.

"Ukiliharakisha linakunja uso," anasema. "Kangaga lina madeko kuliko bibi harusi."

Kangaga ni mmea usiotoa ua wala mbegu. Huzaa kwa vumbi laini linalojificha chini ya jani, na mtaalamu hutambua aina ya kangaga kwa vumbi hilo likishakomaa.

Touhfat aliyapenda makangaga tangu utotoni Majunga, Madagaska. Mwaka 1977 familia yake ilirejeshwa Komori pamoja na maelfu ya wenzao waliokimbia mauaji ya Wakomori katika mji ule. Mama yake alibeba sufuria. Yeye alificha jani ndani ya msahafu.

"Baba aliliona tukiwa ndani ya ndege. Akaniuliza, 'Na hili nalo ni Mkomori?'"

Baadaye alisomea mimea Ufaransa, akarudi Moroni kufundisha. Mshahara haujaja tangu Ramadhani, hivyo jioni huenda Itsandra kuwafundisha watoto hesabu.

Agosti mwaka jana, 1997, kisiwa cha Ndzuani kilipotangaza kujitenga na Komori, yeye alikuwa huko, milimani juu ya mji wa Mutsamudu. Kwenye mwamba wenye maji, chini ya kivuli cha mti mmoja mkubwa, alikuwa ameona kangaga asilolijua, wala vitabu vyake havikulijua. Alichuma jani moja, ingawa vumbi lake lilikuwa bado changa.

Vyombo vya kuvuka bahari kwenda Moroni vikasimama. Alikaa Mirontsy, jirani na Mutsamudu, kwa Nadjati, fundi cherehani, mpaka usafiri ukapatikana. Bandarini Mutsamudu, kijana mwenye bunduki akafungua mzigo wake.

"Magazeti ya Moroni! Mama, unatutawanyia siasa?"

"Ni ya kukaushia majani, mwanangu. Nilikuja nayo kabla ya haya yote."

Kijana alitaka kuyachoma. Mara macho yake yakatua kwenye ukurasa wa michezo. Mechi ile ilichezwa Moroni, na matokeo yake hayakuwahi kumfikia.

"Ondoa jani lako. Limekalia mabao."

"Likiondolewa kwa pupa litavunjika."

"Mama, timu yangu iko chini ya hilo jani!"

Foleni nzima ikacheka. "Mwondolee," mpagazi mmoja akapaza sauti, "hiyo ndiyo siasa yake!"

Touhfat akaliinua kangaga kwa pini ya nywele, akiwa amebana pumzi. Kijana akasoma, akanuna. Timu yake ilikuwa imefungwa.

"Jani chukua. Magazeti yanabaki."

Jani likabaki kiganjani, kavu kama bisi, upepo ukivuma na abiria wakiitwa kupanda. Nadjati, aliyekuja kumsindikiza, akajivua shiromani, ile nguo nyekundu na nyeupe ambayo wanawake wa Ndzuani hujitanda wanapotoka nje.

"Lifunike, dada."

"Na wewe utarudije?"

"Mimi niko kwetu. Anayesafiri ni jani."

Yule mpagazi akampa Nadjati gunia ajitande, akiapa kwamba linampendeza. "Kamvike mama yako!" Nadjati akamjibu, lakini akalipokea.

Kangaga lilifika Moroni likiwa limekatika ncha tu. Hata hivyo, bila vumbi lililokomaa haliwezi kupewa jina. Na huko juu milimani Ndzuani, tangu mafuta ya taa yaadimike, watu wanakata kuni kila siku. Kivuli kikiondoka, mwamba utakauka.

Wiki iliyopita baharia mmoja alileta salamu: Nadjati amepanda mwenyewe hadi kwenye ule mwamba alioelekezwa, na vumbi limeanza kupata rangi ya karafuu, dalili kwamba linakomaa. Touhfat ameshafunga begi. Hana hakika kama ataruhusiwa kushuka Mutsamudu.

"Wakinirudisha, nitapanda chombo kinachofuata," anasema, akiweka pasi chini. "Vumbi likianguka, ni mpaka mwakani. Na mwakani sijui kama ule mti utakuwepo."