Nilivyolalamikia mgongano wa maslahi Matema, nikajichongea mwenyewe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa nyumbani mugonile.

Nina kisa nimetembea nacho zaidi ya mwezi nikicheka peke yangu, mpaka mke wangu ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Leo nakimwaga hapa. Chumvi sijaongeza, na pale nitakapoonekana mjinga mjue ndivyo nilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa maabara. Kwetu ni Mwaya, Kyela, huko kwenye mpunga, ila kazi yangu iko zahanati moja upande wa Matema. Darubini moja, kiti kimoja, dirisha linaloangalia ziwa. Kazi kubwa ni malaria na kichocho.

Kwa asiyekijua kichocho: ni minyoo inayoingia mwilini kupitia ngozi unapokanyaga maji yenye konokono wanaoibeba. Baadaye unaanza kukojoa damu. Huku kwetu maji yako kila mahali, kwa hiyo wateja hawaishi.

Sasa mimi nina kiherehere cha utafiti. Mara tatu nimeandika maandiko ya kuomba ufadhili wa utafiti mdogo, mara tatu nimepigwa chini. Na kila mara anayepata ni mtu wa mtu. Mara shemeji wa mmoja aliyekaa kwenye kamati, mara kijana anayelipwa na kampuni inayouza kile kile kipimo anachokwenda kukichunguza kama ni kizuri. Unategemea atasema kibaya?

Jibu langu mimi lilikuwa mstari mmoja tu: tunasikitika kukujulisha. Umekosea wapi, hakuna anayekwambia.

Ikafika mahali kilichoniuma si ufadhili tena. Nilitaka kujua jambo moja: mimi ni mbumbumbu, au naibiwa?

Basi mwaka huu likaja shirika moja, jina naliacha, linafadhili utafiti wa kichocho kwa watumishi wa ngazi za chini kama sisi. Anachukuliwa mmoja tu. Nikaandika kwa mara ya nne. Andiko langu lilikuwa la kupima watoto wa shule za kando ya ziwa.

Tukaitwa watatu kuja kujieleza mbele ya kamati, kwenye ukumbi wa lodge moja hapo hapo Matema. Mimi, daktari mmoja wa kituo cha afya Mwaya anaitwa Tumpe, na jamaa mmoja wa Itungi. Wa Itungi hakutokea, kwa hiyo mtoeni kwenye hesabu.

Mratibu alikuwa dada Rukia, mtu wa Tanga. Sauti ya upole, lakini kwenye utaratibu hakopeshi. Kabla ya yote akasimama akasoma fomu za wanakamati, zile wanazojaza kusema kama wana undugu, biashara au ukaribu wowote na waombaji.

Wanakamati watano, wote wameandika hapana.

Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Ambakisye, mwalimu mstaafu, amewekwa pale kuwakilisha wananchi. Mzee wa suti ya kijivu hata joto liwe vipi, na Kyela joto mnalijua. Simjui kwa undani, ila sifa yake ni ya mtu mnyoofu.

Halafu dada Rukia akabandika ukutani matokeo ya awali, yale ya maandiko. Kila mwanakamati alikuwa amesoma na kuweka alama akiwa kwake, laptop ikajumlisha.

Wakuu, nilikuwa wa kwanza. Mimi! Dokta Tumpe alikuwa wa pili, nimemwacha mbali.

Nilisoma ile karatasi kama mara tano. Nilitaka kuipiga picha, nikaona nitaonekana mshamba, nikaenda kunywa chai. Nilikunywa vikombe vitatu na chapati sikumbuki ngapi.

Baada ya chai nikajieleza mimi. Nilitiririka bwana. Hata yale maswali ya mitego niliyajibu huku natabasamu. Nikarudi kukaa nyuma, nimekunja nne, nasubiri mwenzangu aje anisindikize.

Dokta Tumpe alifika wakati mimi najieleza, akawa anangoja nje barazani. Majina ya wanakamati tulikuwa hatujapewa, kwa hiyo hakujua nani yuko ndani. Akaitwa. Akaingia na laptop yake mkononi, hatua kama tatu.

Akainua macho akamwona mwenyekiti.

Jamani. Yule dada aligeuka pale pale, akavuta kitenge cha begani akafunika uso, akainama, akatoka karibu mbio. Waya wa laptop ukabaki umelala mlangoni. Dirishani tukamwona anakata kona kwenye migomba nyuma ya lodge.

Na Mzee Ambakisye naye? Alikuwa ameshageuza kiti chake, anaangalia ukuta.

Dada Rukia akasimama, kalamu mkononi. "Amepatwa na presha? Mfuateni na maji."

Sisi wa Kyela hakuna aliyenyanyuka. Mwanakamati mmoja alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Mimi machozi ya kicheko yalikuwa yananitoka.

Niwaeleze wageni. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe wake hawatazamani. Hawakai pamoja, hawapeani mkono, jina halitajwi. Mkamwana akimwona baba mkwe anakuja, yeye anaacha njia anaingia hata kwenye majaruba. Vijana wengi siku hizi wameachana nayo, lakini zipo familia zimeishika kama msumari, na hata kama una digrii ya udaktari, ukiolewa humo unaishika.

Kwa hiyo Tumpe hakuhitaji kusema kitu. Kila mwenyeji mle ndani alishajua kwamba huyu ni mke wa mtoto wa mwenyekiti.

Na hapa ndipo mimi, mwenye akili zangu, nikasimama. Tena kwa mbwembwe. Miaka yote hiyo nimelilia nafasi kama hii.

"Dada Rukia," nikasema, "huu ni mgongano wa maslahi. Mwenyekiti ana mkwe kwenye kinyang'anyiro na fomu ameandika hapana. Naomba alama zote zikaguliwe."

Kichwani nilikuwa nimeshamwondoa Tumpe, nimeshanunua vikombe vya sampuli, nimeshapanga safari za shuleni.

Dada Rukia akamgeukia mzee. Mzee bado anaongea na ukuta. "Baba, ni kweli ni mkweo?"

"Ni kweli."

"Mbona hukuandika?"

"Mama, fomu imeuliza undugu. Huyu si ndugu yangu, ni mke wa mwanangu. Biashara hatuna. Ukaribu ndiyo kabisa. Tangu ameolewa kwangu sijawahi kumwangalia usoni. Akija nyumbani mimi natoka. Sasa huo ukaribu ningeuandika upi?"

Wakuu, hakuwa anatania. Alijibu kwa unyoofu wote, kama mtu anayeshangaa kuulizwa. Dada Rukia akaichukua ile fomu akaisoma upya.

Nami sikuachia. Nikasema sawa, basi tuone alama alizompa. Nilikuwa na uhakika amemjaza mpaka pomoni.

Karatasi zikatolewa kwenye bahasha. Ya mzee ikafunguliwa mbele yetu. Kwangu alikuwa ameweka alama nzuri tu. Kwa Tumpe hakuweka chochote, karatasi nyeupe.

"Niliacha wazi," akasema. "Nitamkagua vipi mkamwana wangu? Adabu iko wapi?"

Dada Rukia akaivuta laptop karibu. Akaangalia, akaangalia tena. Ile nafasi tupu laptop ilikuwa imeihesabu sifuri. Mtu amepewa alama na wanne, halafu anagawanyiwa kwa watano.

Akaondoa karatasi za mzee zote mbili, yangu na ya Tumpe, akapiga upya.

Tumpe wa kwanza. Mimi wa pili.

Nilikuwa bado nimesimama. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyeniuliza, malalamiko nimeyapeleka mwenyewe kwa sauti ya juu na mkono mmoja mfukoni. Nikakaa taratibu. Yule mwanakamati aliyekuwa ameshika mdomo sasa aliuachia, akacheka mpaka akatoka nje.

Lakini alama za kujieleza kwa mdomo zilikuwa bado, kwa hiyo nikajipa moyo. Shida ikawa kumrudisha Tumpe ukumbini.

Mzee akasema atatoka yeye kwanza, mlango wa mbele, ashuke mpaka ufukweni. Mtu akatumwa kwenye migomba kupeleka taarifa. Tumpe akaingizwa kwa mlango wa jikoni, akapita katikati ya masufuria ya wali na samaki, akatokea kwetu anatoa majani kwenye nywele. Dirishani tunamwona mzee yuko mbali kule mchangani na suti yake, ameupa ukumbi mgongo.

Tumpe akaanza. Wala hakuwa na makeke.

"Wote tunapima watoto wa shule," akasema, "kwa sababu watoto wameshapangwa mstari, kazi ni rahisi. Lakini mtoto anaingia majini kuogelea na anatoka. Nani anashinda ndani ya maji kuanzia kupandikiza mpaka kupalilia? Akina mama wa mpunga. Wakija kituoni wanasema kiuno, wanapewa dawa ya maumivu, wanarudi majini. Mimi nataka kuwapima hao."

Nikaacha kukunja nne.

Mama yangu analima mpunga Mwaya tangu sijazaliwa. Kiuno kinamsumbua tangu nikiwa darasa la tano. Mimi mwanaye ndiye mtu wa kichocho, darubini yote ni yangu, na andiko langu la kurasa nyingi halikuwa na hata mstari mmoja wenye mama yangu ndani yake.

Niliona aibu. Nawaambia ukweli, niliona aibu kweli.

Tumpe akashinda. Kihalali, bila ubishi. Nami nikapewa kitu ambacho sijawahi kupewa mara zote tatu: karatasi nzima ya maoni. Hapa uko vizuri. Hapa hujaeleza. Umechagua wa kuwapima kwa sababu ni rahisi kuwapata, siyo kwa sababu ndio wanaoumia zaidi.

Niliisoma njia nzima kurudi nyumbani, nikicheka kama niliyeshinda mimi. Mke wangu akauliza umepata? Nikamwambia nimekosa, lakini sikuibiwa na mimi si mbumbumbu, kosa langu liko hapa limeandikwa. Akaenda kunipakulia chakula bila kuuliza zaidi.

Haikupita muda Tumpe akanipigia. Anatafuta mtu wa darubini. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Basi tukaanza Mwaya. Majina ya akina mama yanachanganywa kwenye kapu, yanatolewa bila kuangalia. Siku ya pili likatoka la mama yangu. Siyo kwa kupangwa, kapu lilishikwa na mtu mwingine.

Mama akaja, akapewa kikombe, akarudi nacho amekifunika na kanga. Akanikuta mimi nimekaa kwenye darubini.

"Wewe ndiye unasoma?" akauliza. "Mkojo wangu? Wewe niliyekuogesha?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi nikasimama, nikavua glavu, nikamwita Tumpe.

"Dokta, hii siisomi. Nina maslahi."

Tumpe akakaa kwenye kiti changu. Mimi nikakaa nje kwenye benchi na mama, tunaongelea bei ya kokoa kama hakuna kinachoendelea.

Tumpe akatoka. Mayai ya kichocho yapo, tena mengi.

Mama alimeza dawa siku hiyo hiyo, na vipimo vingine anaendelea navyo. Juzi nilimpigia, akaniambia usiku sasa analala moja kwa moja, nami nimwambie yule dokta ndaga fijo, asante sana. Kisa hiki ameniruhusu nikiandike, sharti lake nisitaje umri wake.

Mzee Ambakisye? Mzima kabisa. Nasikia majuzi kanisani walikuwa wanachagua mshonaji wa sare za kwaya, akanyoosha mkono akasema yeye atoke nje, kwa sababu mke wa mjomba wake ana cherehani.

Nilichojifunza ni kidogo. Miaka yote nilidhani haki ikija itakuja kunipa mimi. Ilikuja ikaninyang'anya, na ndiyo maana mama yangu amepimwa. Ningeshinda siku ile, hivi sasa ningekuwa na watoto wa shule, wamejipanga mstari, na mama yuko majini anajishika kiuno.

Karibuni wakuu. Wale mnaokaa kwenye kamati za kugawa fedha za utafiti, niambieni: ile nafasi tupu ya mzee nyie mngeihesabu vipi? Na wakamwana wa Kyela mliomo humu, najua mpo, msipite kimya kimya.