Mihogo Katikati ya Miwa

Siku ya kwanza kazini nilipelekwa uwanja wa makapi. Makapi ni mabaki ya muwa ukishakamuliwa. Hutiwa tanurini, na moto wake ndio unaochemsha maji ya mvuke unaoendesha kiwanda kizima. Kazi yangu ilikuwa kuyasukuma kwa uma mrefu mpaka mdomoni mwa tanuri. Mnyapara aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nilimjibu kwa sauti ndogo kwamba nilifika sekondari, kisha baba akafariki, nazi zake zikakosa bei, nikarudi nyumbani Msambweni.

Akawageukia wenzake. "Tumeletewa mwanafunzi. Basi mwanafunzi, mpini uko huku, meno yako kule. Hapo ndipo mwisho wa kitabu."

Jina hilo la Mwanafunzi likanishika mpaka siku yangu ya mwisho kazini. Wenzangu mliobaki shuleni huniuliza kiwandani kulikuwaje, nami hutazama chini nikasema kulikuwa kuzuri tu. Hakukuwa kuzuri. Kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana naandika. Nimestaafu kabla ya kuota ndevu, na uchovu nilionao ni wa mzee.

Kutoka uwanja wa makapi nilihamishiwa matangi ya chokaa. Maji ya miwa yakitoka kukamuliwa huwa machafu, rangi ya matope; hutiwa chokaa kidogo, yakapashwa moto, taka zikazama. Chokaa ikizidi, sukari inakuwa nyeusi. Msimamizi wa pale hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea alikuwa akikutazama tu, halafu akitazama lango la kutokea.

Mahali pangu pa tatu, na pa mwisho, palikuwa chumba cha pani. Pani ni chungu cha chuma kikubwa kuliko nyumba yetu, ambamo maji yaliyokwisha kuwa mazito huchemshwa mpaka chembe za sukari zikaanza kushika. Huko alitawala Fundi Mkuu. Alikuwa akichota tone kwa kijiti, akiliweka baina ya kidole gumba na cha shahada, akivivuta vidole taratibu. Uzi ukikatika mapema, bado. Ukivutika na kujikunja, imekuwa. Alinitaka mimi kwa sababu ya Kiingereza changu, kwani Kiswahili alikuwa hajui.

Watu hawakuamini kwamba hajui. Alikuwa mweusi kama sisi, na mwendo wake ulikuwa wa mtu wa pwani. Mama alipomwona mara ya kwanza alisema, "Huyu ni wa hapa Tiwi, wallahi. Anajifanya mgeni asije akaombwa sukari." Kumbe alitoka Jamaika, kisiwa kilicho upande wa pili wa dunia. Wazungu hawakumkaribisha mezani kwao, na kambi yetu ya wafanyakazi, nilikohamia na Mama na wadogo zangu, hakupangiwa, basi alipewa kijumba peke yake karibu na ghala.

Siku moja Mama alinipa chakula nimpelekee: wali wa nazi na mbaazi. Fundi Mkuu aliufunua, akaukodolea macho, akaniuliza ni nani aliyenifundisha chakula cha Jumapili cha mama yake. Tangu hapo akawa anakuja kula kwetu. Alituonyesha mshelisheli ulio nyuma ya msikiti, akasema kwao hakuna ua usio na mti huo. Alitusimulia milima yenye ukungu ambayo kahawa hupandwa juu yake, vimbunga vinavyong'oa migomba yote kwa mchana mmoja, na vijana wanaopanda meli kwenda Uingereza kwa sababu sukari haiwalishi. Babu zake, alisema, walikuwa watumwa wa miwa. Mabwana zao waliwaachia vipande vya milimani visivyofaa kwa muwa, wajilimie chakula chao. Ndivyo walivyoishi, na mpaka leo bei ya sukari ikianguka ndivyo wanavyoishi.

Mama alisikiliza, nami nikifasiri, kisha akaniagiza nimpeleke akaone mihogo.

Mihogo yenyewe ilikuwa katikati ya miwa, kwenye njia pana zilizoachwa kati ya mashamba, nyuma ya kambi. Wanawake wa kambi ndio walioipanda. Sisi nyumbani tulikuwa Mama, mimi na wadogo zangu watatu, na mshahara wangu ulikuwa ukiisha kabla ya mwezi. Mihogo ile ilikuwa bado michanga, lakini Mama alikuwa akiikagua kila asubuhi, akiihesabia chakula cha kiangazi.

Halafu bei ya sukari ikashuka. Tukaambiwa kazi itakuwa siku tatu kwa juma. Juma lililofuata Meneja wa kiwanda alipita kwa gari, akaiona mihogo, akaamuru ing'olewe yote ifikapo Jumamosi, kwamba njia ni za magari ya miwa na mihogo inaleta panya.

Nilikuwapo chumba cha pani Fundi Mkuu alipomwambia Meneja awaachie watu chakula chao. Nilijifanya napangusa bomba.

"Wewe umeajiriwa kuchemsha sukari," Meneja alisema.

"Nami nahitaji watu wa kunisaidia kuichemsha. Ukiwapa siku tatu na ukawang'olea mhogo, hawatakuja hata hizo tatu."

"Watakuja. Waende wapi?"

Fundi Mkuu alirudi kwenye pani, akavuta uzi, ukakatika, akavuta tena.

Nilimfikishia Mama habari nikiwa karibu kulia. Yeye aliuliza jambo moja tu: amri ni kung'oa, au ni kung'oa na kuchoma? Nikamwambia kung'oa. Akaenda mlango kwa mlango kuwaita wanawake kwenye mweria, yaani kulimiana kwa zamu, leo kwangu na kesho kwako. Ng'ambo ya mto kulikuwa na ardhi ya ukoo wa baba, kichanga kitupu, iliyoachwa kwa sababu ya nyani na nguruwe.

Ijumaa baada ya sala ndipo Mnyapara alipokuja na vijana wenye majembe. Wanawake walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Kila shina liling'olewa, mizizi yake membamba kama vidole ikitiwa kikapuni, na mti wake ukikatwa vipande vya kupandwa na kufungwa mzigo. Mnyapara alisimama kando akisema harakisheni, ingawa waliokuwa wakimchelewesha ni vijana wake mwenyewe.

Fundi Mkuu alivuka mto pamoja nasi, suruali ameikunja mpaka magotini. Alianza kuvichomeka vipande ardhini kwa kuviinamisha. Mama akavichomoa, akavilaza.

"Mwambie mchanga huu unakausha. Kinalala, kinafukiwa."

Nikafasiri. Akasema kwao mama yake alikuwa akiinamisha.

"Mwambie mama yake ana mvua."

Alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye alilaza kama alivyoambiwa.

Msisome hapa mkadhani tulishinda. Kiangazi kile tulikula mizizi ile michanga kwa siku chache, kisha shelisheli, kisha mbaazi, kisha chochote. Wadogo zangu walikonda. Zamu za kufukuza nyani na nguruwe zilimwangukia kila mtu, na nilikuwa nikitoka kulinda nikaenda kusimama mbele ya pani bila kulala. Mkataba wa Fundi Mkuu ulipokwisha haukuongezwa. Alinishika mkono, akasema nimsalimie mama yangu mbishi. Msimu mpya wa miwa ulipofika, chumba cha pani kilipunguzwa watu, na mimi nikawa miongoni mwao. Sikuagwa na mtu. Huko ndiko kustaafu kwangu.

Sasa mihogo imekomaa. Mama huichemsha kwa nazi na kuiuza nje ya lango la kiwanda, nami hubeba sufuria. Juzi alikuja Mnyapara, akanunua kipande, akala amesimama. Akauliza mhogo mtamu hivi umetoka wapi.

"Ni ule ule uliotung'olea," Mama alimwambia, bila ukali, akifunika sufuria.

Alimaliza kipande chake. Kisha akasema kwamba naye sasa anafanya siku tatu, na mkewe amejifungua, na kama Mama ana vipande vya kupanda vilivyobaki, angeshukuru.

"Vipo," Mama alisema. "Uje kesho asubuhi na jembe lako. Utaanza kwa kulima kwangu, na kesho kutwa sote tutakuja kwako."

Alikuja, jembe begani, na Mama alimwonyesha pa kuanzia.